Kujitolea katika Shule za Kilosa na Mikumi: Fungu la Mtoaji na Fungu la Jamii

Katika shule nyingi za msingi za wilaya ya Kilosa, tangu zile zilizo kandokando ya Reli ya Kati hadi zile za mji mdogo wa Mikumi, katika barabara kuu iendayo Iringa, aghalabu yupo mwalimu mmoja au wawili ambao majina yao hayamo katika orodha ya mishahara. Wamehitimu vyuo, vyeti wanavyo, nao wanangoja ajira. Wakati wa kungoja wanafundisha. Wanafunzi huwaita walimu kama wanavyowaita wengine, wazazi huwaamkia njiani, na kengele ikilia huingia darasani na chaki mkononi. Mwisho wa mwezi ndipo tofauti huonekana.

Sisi tunaofundisha walimu huwakuta vijana hao kila tunapokwenda kusimamia mazoezi ya ualimu. Baadhi yao ni wanachuo wetu wa jana. Tumekaa nao chini ya miembe, tumeyatazama maandalio yao ya masomo, nasi tumejiuliza swali ambalo makala hii yakusudia kulijadili: Je, kazi hii ya kujitolea humjenga mtu anayeifanya na jamii anayoifanyia, au humla mtu huyo kidogo kidogo huku jamii ikitazama? Jibu letu ni kwamba yote mawili hutokea, na ya kwamba tofauti baina yake haitokani na wema wa moyo wa anayejitolea peke yake. Inatokana pia na jinsi kazi yake inavyopokewa, na kupokea ni jambo linaloweza kufundishwa.

Maana ya neno lenyewe

Lugha yetu imeliunda neno hili kwa busara. Katika kujitolea, mtoaji na kitolewacho ni mmoja. Mtu hatoi fedha wala nafaka ghalani; anatoa nafsi yake, yaani muda wake, nguvu zake na maarifa yake. Kwa hiyo sharti la kwanza la kujitolea ni hiari. Nafsi iliyochukuliwa na mwingine haikutolewa.

Historia ya nchi yetu yatupa mfano ulio wazi. Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa mwaka 1963, liliwapokea vijana waliojiunga kwa hiari yao. Mwaka 1966 ilipoamuliwa kwamba wahitimu wa elimu ya juu walitumikie jeshi hilo kwa lazima, na sehemu ya mishahara yao ikatwe, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mjini Dar es Salaam mwezi wa Oktoba, na mamia yao wakarudishwa makwao. Hatukusudii hapa kuamua nani alikuwa na haki. Taifa laweza kuwa na sababu njema za kuwataka vijana wake walitumikie, na wajibu ni jambo la heshima. Tunachosema ni kwamba wajibu na kujitolea ni mambo mawili. Majembe yaweza kuwa yale yale na shamba likawa lile lile, lakini anayelima kwa hiari na anayelima kwa amri hawarudi nyumbani na moyo mmoja.

Yale tuliyoyarithi

Wako wanaosema kwamba kujitolea ni desturi ya kigeni iliyoletwa na mashirika ya misaada. Maneno hayo hayana msingi. Kabla ya shirika lolote, watu wa vijiji vyetu walijengeana nyumba, walipaliliana mashamba na kuzikana kwa ujima. Baada ya uhuru, mila hiyo iliingizwa katika elimu kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika sensa ya mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa wasiojua walikuwa asilimia 39, na ule wa mwaka 1977 ukaonyesha asilimia 27. Kazi hiyo haikufanywa na walimu wa serikali peke yao. Wengi waliofundisha madarasa ya jioni, chini ya miti na katika maghala, walikuwa wanavijiji wenyewe na vijana waliomaliza darasa la saba, waliopewa posho ndogo sana isiyofanana na mshahara.

Mwaka 1973 ilifuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Vikundi hivyo viliongozwa na watu wapatao 75,000 waliokuwa wamepewa mafunzo mafupi. Twaomba wasomaji wayaangalie vyema maneno hayo mawili, mafunzo mafupi. Kiongozi wa kikundi hakuachiwa moyo wake mwema peke yake. Alifundishwa namna ya kuongoza mazungumzo, alikuwa na kitabu, alijua kipindi kitaanza siku gani na kitakwisha lini. Hiari yake iliwekewa utaratibu wa kuisaidia.

Kilosa yenyewe imepata somo lake karibu zaidi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010, Mto Mkondoa ulifurika. Maji yaliingia mjini na katika vijiji vya jirani, maelfu ya watu wakapoteza makazi, na Reli ya Kati ikakatika. Wakati huo watu wa Msalaba Mwekundu wa kujitolea walifanya kazi kubwa, lakini waliotangulia ni majirani. Waliokuwa na nyumba kavu waliwapokea wasiokuwa nazo. Waliokuwa na mahindi waliyagawa. Wazee wa Kilosa tuliozungumza nao juu ya siku zile huanza kwa kueleza hasara, na bado hufika mahali wakachangamka, wakaeleza nani alimbeba nani mgongoni. Katika huzuni ile, kumbukumbu ya kuwa walifaana imebaki kama akiba.

Vijana wawili

Hebu sasa tuwatazame vijana wawili tuliowajua, mmoja Mikumi na mwingine upande wa reli. Wote wawili walihitimu mafunzo ya ualimu, wote walijitolea shule za msingi, na kazi yao kwa nje ilikuwa moja.

Binti wa Mikumi alipewa darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya 90. Mwalimu mkuu alimtambulisha mbele ya wanafunzi wote siku ya mstari, akaandika jina lake katika ratiba, na akampa kiti na fungu la meza katika ofisi ya walimu. Mwalimu mkongwe wa darasa la pili aliagizwa kukaa naye kila Ijumaa kutazama maendeleo ya juma. Kamati ya shule ilimtafutia chumba kwa mzazi mmoja, na wazazi wengine walipeana zamu ya kumpelekea unga na kuni. Walipatana naye kwamba atafundisha siku nne, na siku ya tano atafanya shughuli zake za kujipatia riziki. Tulipomwuliza hali yake, alitujibu, “Mkufunzi, fedha sina, lakini asubuhi nikiamka najua ninakwenda wapi.” Wanafunzi wake walikuwa wanasoma silabi, na wengine walikwisha kufikia sentensi.

Kijana wa pili alipokewa kwa maneno mazuri. Baadaye alipewa vipindi ambavyo wengine hawakuvitaka, katika madarasa matatu. Jina lake halikuandikwa katika ratiba. Liliandikwa neno “kujitolea”. Ofisini hakuwa na kiti, akawa anasahihisha madaftari barazani. Ilipotokea semina hakuitwa, kwa kuwa hakuwa mwajiriwa. Ilipotokea kazi ya ziada aliitwa wa kwanza, kwa kuwa alikuwa wa kujitolea. Hakuna aliyemwambia kazi hiyo itakwisha lini. Katika muhula wa pili alikuwa amekonda na amekuwa mkali kwa watoto, naye hakuwa mkali kwa tabia. Kabla mwaka haujaisha aliiacha shule, akaenda kuendesha bodaboda. Tulipokutana naye alisema kwamba kinachomwuma si fedha alizozikosa, ni kwamba alipoondoka hapakuwa na aliyemwuliza anakwenda wapi.

Hatuwezi kusema kwamba binti alikuwa na moyo mwema kuliko kijana. Tuliwafundisha wote wawili na tunawajua. Tofauti ilikuwa katika mapokezi.

Yale yaliyochunguzwa kwingineko

Wataalamu wa nchi nyingine wamelichunguza jambo hili kwa hesabu. Mwaka 2012 Sara Konrath na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wazima wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, waliokuwa wamemaliza shule ya sekondari mwaka 1957. Mwaka 2004 waliulizwa kama wanajitolea na kwa sababu gani. Miaka minne baadaye ilionekana kwamba waliojitolea kwa ajili ya wengine walikuwa wamefariki wachache kuliko wasiojitolea kabisa. Lakini waliojitolea hasa kwa manufaa yao wenyewe hawakuwa na nafuu hiyo. Mwaka 2013 wachunguzi wa Uingereza wakiongozwa na Caroline Jenkinson walizikusanya tafiti nyingi za namna hii na kuzilinganisha. Walikuta kwamba wanaojitolea huelekea kuwa na huzuni kidogo zaidi na kuridhika zaidi na maisha, na hata kuishi muda mrefu. Lakini wakaonya kwamba haijathibitika ni lipi lizaalo jingine, kwani yawezekana kwamba wenye afya na furaha ndio wenye nguvu za kujitolea.

Yafaa tuyapokee matokeo haya kwa akili yetu wenyewe. Wale wa Wisconsin walikuwa watu wa umri wa miaka zaidi ya 60 walipoulizwa, wengi wao wakiwa wamekwisha kujenga maisha yao. Mwalimu wa kujitolea wa Kilosa ana miaka 25, hajaanza maisha, na pengine amekuja darasani bila kunywa chai. Anapotumaini kwamba kujitolea kutamfungulia mlango wa ajira, hatuna haki ya kumwambia kuwa nia yake si safi. Mtu aweza kuwapenda watoto na wakati huo huo akataka mshahara; hata sisi wenye mishahara tunatumaini kuwa ndivyo tulivyo. Linalotuhusu katika uchunguzi huo ni jambo moja: kazi humpa mtu nguvu pale anapoiona ikiwafikia wengine. Binti wa Mikumi aliwaona watoto wake wakisoma, na palikuwa na mtu wa kuona pamoja naye. Kijana wa pili alinyimwa macho hayo.

Fungu la jamii

Jamii nayo hupata fungu lake, tena kubwa kuliko vipindi vilivyozibwa. Wilaya ya Kilosa ina wakulima na wafugaji wanaotumia ardhi na maji yale yale, na imepata kuonja uchungu wa kutoelewana kwao. Katika mapigano ya Rudewa Mbuyuni ya Desemba 2000 watu zaidi ya 30 waliuawa. Baada ya mambo kama hayo imani hairudi kwa mikutano peke yake. Tumemwona kijana wa jamii ya wafugaji akijitolea asubuhi tatu kwa juma katika shule moja, kuwasaidia watoto wa darasa la kwanza waliokuja bila kujua Kiswahili. Mwalimu wa darasa, ambaye ni mtoto wa mkulima, alikuwa akifundisha, na kijana huyo akiwaeleza wadogo zake kwa Kimaasai. Hatukusikia hotuba yoyote juu ya amani katika chumba kile. Wazazi wa pande zote mbili walikuwa wakifika mlangoni kuwachukua watoto wao, wakasalimiana, kwa kuwa walikuwa na mtu mmoja wa kumshukuru.

Lakini jamii hupata hasara pia ikilitumia vibaya jambo hili. Kiraka kikishonwa vizuri, tundu husahauliwa. Shule yenye upungufu wa walimu wanne ikipata vijana wanne wa kujitolea, baada ya muda upungufu ule huacha kusemwa. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, shule haziwezi tena kuwatoza wazazi kwa lazima ili kuwapa vijana hao chochote, nalo ni jambo la haki kwa wazazi maskini. Kwa hiyo hapana budi mwalimu mkuu aandike katika taarifa zake idadi ya walimu walioajiriwa mbali, na ya wanaojitolea mbali. Kuwajumlisha pamoja ni kuificha haja ya shule na haki ya kijana kwa wakati mmoja.

Mambo yanayohusu mbinu zetu

Tumeandika haya katika jarida la mbinu za kufundisha kwa sababu tunaamini kwamba kujitolea hufundishwa, na kwamba mara nyingi shule zetu hufundisha kinyume chake bila kukusudia. Tutazame jambo la kila siku. Mtoto amechelewa kufika shuleni: aadhibiwa kufyeka majani. Mwingine amepiga kelele: aadhibiwa kuteka maji ya bustani. Mtoto huyo atakaa shuleni miaka kadhaa akijifunza kwamba kazi inayowafaa wengine ni kazi ya wakosefu. Siku moja mwalimu wa uraia atasimama mbele yake na kumweleza kwamba kujitolea kwa ajili ya jamii ni heshima. Mtoto ataandika sentensi hiyo katika daftari na kupata alama zake, lakini mikono yake imekwisha kufundishwa jambo jingine.

Kwa hiyo twapendekeza mambo yafuatayo kwa walimu wenzetu na kwa vyuo vya ualimu, kikiwamo Chuo cha Ualimu Ilonga kilichomo humo humo wilayani Kilosa.

Kwanza, kazi za mikono zenye faida kwa wote ziondolewe katika orodha ya adhabu. Bustani, usafi na utunzaji wa miche viwe ni zamu ya kila mwanafunzi, mwema na mtundu, na mwalimu naye ashike jembe.

Pili, mwanafunzi apewe nafasi ya kuchagua. Darasa la tano laweza kutoka na kutazama mazingira yake, likaleta mashauri matatu: kupanda miti kando ya mfereji, kumsomea barua bibi asiyeona, au kuwasaidia wadogo wa darasa la kwanza kuhesabu. Wajadiliane, wachague moja, waweke siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Kazi hiyo haitakosa hisabati ya kupima, Kiswahili cha kuandika taarifa, na sayansi ya udongo.

Tatu, baada ya kazi kuwe na mazungumzo. Tumefanya nini? Nani amefaidika? Tumechoka kwa nini, na tumefurahi kwa nini? Bila mazungumzo hayo, mtoto hubaki na uchovu tu.

Nne, mwanachuo anayekaribia kuhitimu afundishwe namna ya kujitolea bila kujiangamiza. Ajue kuomba mapatano yaliyoandikwa: siku ngapi, vipindi vingapi, hadi lini, chini ya uangalizi wa nani, na barua gani atapewa mwishoni. Ajue kwamba kukubali siku tatu na kuzitimiza ni bora kuliko kukubali tano na kuzichukia. Mwenye kujua mpaka wa toleo lake huweza kutoa tena kesho.

Tano, mwalimu mkuu anayempokea ayafanye yale madogo yasiyohitaji bajeti: ampe kiti, aandike jina lake katika ratiba, ampe mwalimu mkongwe wa kumwongoza, na amshukuru hadharani. Siku ya kuondoka aagwe.

Wazee wetu walisema, tenda wema uende zako. Methali hiyo ni nzuri, nasi tunawafundisha watoto wetu. Lakini ilisemwa kwa mtenda wema, ili asikae akingoja malipo. Haikusemwa kwa aliyetendewa. Kijiji, shule na kamati haziwezi kuiegemea methali hiyo na kumwacha kijana aende zake bila hata kuulizwa aendako. Yeye na asingoje shukrani; sisi tusisahau kuitoa. Hapo ndipo aliyejitolea mwaka huu atakapokuwa na nguvu ya kufanya hivyo tena, na mtoto aliyemtazama akitenda atataka kuwa kama yeye.